Mwenzako Yuko Wapi?

Nianze kwa kukiri jambo moja, maana nisipolisema sasa litanikaba kooni hadi mwisho: yule mama nilimcheka miaka miwili mizima. Wala si kucheka kimoyomoyo. Nilimcheka kwa sauti, ofisini, mbele ya walimu wenzangu, huku nakunywa chai aliyoipika yeye mwenyewe.

Tulimwita Bi Mchanga. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye faili la mwalimu mkuu, na huko lilibaki. Alikuja shuleni kwetu kupiga deki na kupika chai, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Wiki ya kwanza alipiga deki. Wiki ya pili alipiga deki. Wiki ya tatu akaanza maswali.

"Mwalimu, ule mtungi wa kuzimia moto uko wapi?"

Nikamwambia uko ofisini kwa mwalimu mkuu, kabatini, umefungiwa usije ukaibwa.

"Na ufunguo wa kabati?"

"Anao mwalimu mkuu."

"Na mwalimu mkuu akiwa mjini?"

"Basi moto nao usubiri arudi," nikasema, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto mkubwa aliyejikojolea, akabeba ndoo yake akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata tulikuta ndoo saba zimepangwa varandani, kila mlango wa darasa na ndoo yake. Zilikuwa ndoo za rangi za plastiki, alizoziomba kwa mafundi waliokuwa wakipaka kuta za zahanati. Alizijaza mchanga mkavu aliouchekecha mwenyewe, akazipaka rangi nyekundu ambayo haikumtoka kwenye kucha kwa siku kadhaa. Ndipo alipopata lile jina. Watoto wakipita walipaza sauti, "Bi Mchanga! Bi Mchanga!" naye akaitika, tena kwa madaha.

"Afadhali Bi Mchanga kuliko Bi Majivu," alisema.

Zoezi la moto tulikuwa nalo, tusionewe. Mara moja kila muhula. Lilitangazwa mstarini Jumatatu, likafanywa Ijumaa saa nne kamili, watoto wamekwisha kuvaa viatu na kufunga madaftari wakisubiri kengele. Walitoka kwa mstari, wafupi mbele, warefu nyuma. Sisi walimu tulitoka na daftari la mahudhurio kwapani, tukaita majina, idadi ikatimia, mwalimu mkuu akatazama saa yake. "Dakika tatu. Hongereni." Basi, tukarudi kwenye hesabu za sehemu.

Bi Mchanga alilitazama zoezi lile la kwanza akiwa ameegemea mpini wa dekio.

"Moto wenu una adabu sana," aliniambia. "Unapiga hodi."

Ala! Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nikamwambia ajali haina kinga, apige deki aache maneno. Akanijibu palepale, "Haina kinga, mwalimu, lakini ina mlango. Mimi nauliza mlango tu."

Alimwendea mwalimu mkuu mara nne. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yaliyonyooka kama rula, na kila kitu kilihitaji barua. Bi Mchanga hakuwa mwandishi wa barua. Alikaa naye, akamweleza, akachoshwa, akamweleza tena. Mwisho mzee wa watu akachoka yeye, akakubali jambo moja kati ya kumi aliyoyaomba. Jambo lenyewe lilikuwa hili: kila mtoto awe na mwenzake. Wawili wawili, shule nzima, mwaka mzima. Mkitoka nje kwa dharura hamjipangi kwa urefu. Unamshika mwenzako mkono. Na mkifika uwanjani mtu mzima anapita, hamwulizi mtoto jina wala namba. Anamwuliza swali moja: mwenzako yuko wapi?

"Daftari linaweza kukosea," alisema. "Mtoto mdogo hakosei ni nani hayupo ubavuni mwake."

Watoto waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Hata chooni walikwenda wawili wawili. Na kwa kuwa sisi walimu tulikuwa kumi na mmoja, yeye akawa wa kumi na mbili, nanyi mnajua aliangukia kwa nani. Mimi, mwenye diploma yangu ukutani, nikapewa mwenzangu mwenye dekio. Wenzangu walinitania wiki mbili. "Mwalimu, mwenzako yuko wapi?" wakiniona niko peke yangu. Nami nikawajibu, "Anaosha vikombe, niacheni."

Darasani kwangu, darasa la nne, kulikuwa na wasichana wawili niliowabandika majina mwenyewe. Mmoja nilimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Alisema yaliyotokea na yasiyotokea, mpaka nikaacha kumsikiliza kabisa. Mwenzake nilimwita Konokono. Huyu alikaa ng'ambo ya mto, na kila mvua iliponyesha daraja la miti lilizama, akalazimika kuzunguka kwa juu. Alifika amelowa hadi magotini, viatu mkononi, amechelewa.

Na mimi kuchelewa sikukutaka. Saa moja na robo geti lilifungwa. Atakayekuja baada ya hapo, sheria yangu ilikuwa moja: kwenye daftari anaandikwa "hayupo", na yeye mwenyewe anakwenda stoo, nyuma ya ofisi ya walimu, kupanga vitabu vya zamani hadi mapumziko ya saa nne na nusu. Sheria hiyo niliitunga mimi, na matokeo yake nilijivunia. Hapo mwanzo wachelewaji walikuwa wakichoropoka stoo kurudi madarasani, basi nikawa natia komeo kwa nje. Komeo lenyewe lilikuwa bovu na mlango umeshuka. Kulifungua ni lazima uunyanyue mlango kwa bega, ulisukume komeo juu kidogo, ndipo ulivute. Nilikuwa nikijigamba ofisini kwamba hakuna anayeliweza komeo lile isipokuwa mimi. Shikeni hilo.

Siku moja nilikwenda nyumbani kwa Bi Mchanga. Mumewe alikuwa seremala, nami nilikuwa na kiti changu cha nyumbani kilichovunjika mguu. Walikaa vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wengi, na nilipoingia nilidhani wanahama. Nyuma ya mlango palining'inia begi limefungwa zipu, na humo mlikuwa na vyeti, kadi za kliniki, tochi na chupa ya maji, kila karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Ukutani, usawa wa kiuno changu, palikuwa na mstari wa mkaa.

"Maji ya mafuriko ya mwaka juzi yalifika hapo," mumewe alinieleza. "Kwa hiyo chochote cha maana kinakaa juu ya mstari. Mimi tu ndiye naruhusiwa kulala chini yake."

Chini ya kitanda viatu vilipangwa vimetazama mlango. Ufunguo ulining'inia kwa uzi mwekundu, chini kabisa, mahali ambapo hata mjukuu wao wa miaka minne aliufikia. Jiko lilikuwa nje, na kando yake ndoo. Mchanga, bila shaka.

"Mke wangu hata akiota, anaota na ndoo," seremala alisema, akapiga nyundo kwa furaha kwenye mguu wa kiti changu.

Bi Mchanga akanisimamisha katikati ya chumba, akanifunga macho kwa kitambaa. Mtu mzima mimi! "Haya, mwalimu, moshi umejaa. Toka." Nikatembea hatua tatu nikagonga kabati. Akanirudisha. "Unakwenda umesimama kama bwana harusi. Moshi hupanda. Wewe shuka. Piga magoti, tafuta ukuta, mkono usiuache ukuta mpaka ukupe mlango." Nikatambaa. Mjukuu akatambaa nyuma yangu akicheka hadi akapata kwikwi. Mara ya tatu nikatoka mlangoni mzima mzima, seremala akanipigia makofi.

Tukakaa. Ndipo nilipomwuliza, bila utani, kwa nini alikuwa hivi.

Alikikunja kile kitambaa. Akaniambia alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake wa kiume miaka minne, wakimwita Kidogo. Mama yao alikwenda sokoni. Kabla ya kutoka alimwambia, kama alivyomwambia kila siku, "Ukisikia lolote, angalia sanduku." Lilikuwa sanduku la bati lenye nguo nzuri na karatasi za kiwanja. Jiko likaanguka, pazia likashika. Mtoto wa miaka tisa akafanya alivyoambiwa. Aliliburuta lile sanduku, zito kuliko yeye, hadi uani, akalikalia juu. Mama akaja mbio, akamkuta amekaa juu ya sanduku, akamwuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Nilikuwa nimefurahi, mwalimu," alisema. "Unanielewa? Nilikuwa nimekaa pale nasubiri nisifiwe."

Mumewe alikuwa ameacha kupiga nyundo.

"Mama hakunipiga. Hakunilaumu hata siku moja mpaka anakufa. Ila swali lake sijalijibu mpaka leo."

Ungedhani baada ya hapo nilibadilika. Ah, wapi! Mwezi haukupita, Bi Mchanga akaamua kuufundisha moto wetu utovu wa adabu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo. Siku ya Jumatano, katikati ya jaribio langu la hesabu, akaishika nondo akaigonga ile rimu bila kupumzika, ngwa-ngwa-ngwa-ngwa, bila tangazo, bila barua. Watoto wakatoka wengine pekupeku, wengine wakilia, wawili wawili. Jaribio langu likaharibika. Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, mishipa imenisimama, nikamshtaki. Mwenzangu mwenyewe! Mwalimu mkuu akamwita akamwambia mbele yangu kwamba akigonga tena bila kibali, afungashe vyake.

Akasema, "Nimesikia, mwalimu mkuu." Alipopita karibu yangu hakunisemesha. Chai yangu siku ile ilikuja na sukari kama kawaida, nami nikaona aibu kidogo, halafu nikasahau.

Sasa nifike kwenye ile Jumanne.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Konokono alifika saa mbili kasorobo, viatu mkononi. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa zamu. Sikumwuliza kitu. Nilimpeleka stoo, nikamwonyesha rundo la vitabu, nikatoka, nikaunyanyua mlango kwa bega, nikatia komeo. Daftarini nilikuwa nimekwisha kuandika: hayupo. Nilipoingia darasani Kasuku akainua mkono.

"Mwalimu, mwenzangu amekuja. Nimemwona dirishani."

"Daftari ndilo linalosema nani amekuja," nilimwambia. "Kaa chini."

Na hapo, niaminini, yule mtoto alitoka kichwani mwangu. Nilikuwa nimeandika hayupo, basi kwangu hakuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda mjini, na ufunguo wa kabati mfukoni.

Yapata saa nne kasorobo Bi Mchanga aliingia ofisini na birika la chai, akaona moshi unashuka kutoka kwenye dari, pale penye nyaya kuukuu za taa. Ofisi ilikuwa tupu, wote tulikuwa tunafundisha. Alijua akigonga na moto ukawa si moto, kazi hana tena. Aliweka birika chini, akaenda akagonga.

Ngwa-ngwa-ngwa-ngwa.

Watoto wangu wakasimama. Na mimi je? Mimi nilisema, "Kaeni! Halijatangazwa!" Ndiyo, maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na watoto thelathini na tisa wakakaa kwa sababu mwalimu wao amesema. Sijui ni nusu dakika au dakika nzima. Kisha harufu ya plastiki inayoungua ikaingia dirishani, na nikapata akili.

Tulitoka. Lazima niseme ukweli, watoto walitoka vizuri ajabu, mkono kwa mkono, hakuna aliyeanguka. Moshi mweusi ulikuwa unatoka chini ya mabati ya jengo la ofisi. Uwanjani nilifungua daftari nililobeba kwapani kama tulivyofundishwa, nikaita majina. Walioandikwa wapo: thelathini na tisa. Waliosimama mbele yangu: thelathini na tisa. Hesabu safi. Nikainua mkono nikamwita naibu wa mwalimu mkuu kwa sauti kubwa, "Darasa la nne, wote wapo!" Na nilifurahi. Nilikuwa nimesimama pale nasubiri nisifiwe.

"Mwalimu," Kasuku akasema. "Mwenzangu hayupo."

"Mwenzako hakuja leo. Nyamaza."

Bi Mchanga alikuwa anapita kati ya mistari, anauliza lile swali lake, mtoto kwa mtoto. Akafika kwa Kasuku, akamwona mkono wake hauna mwenzake.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amekuja, Bi Mchanga. Mwalimu amempeleka kule." Akanyoosha kidole kwenye ule moshi.

Bi Mchanga akanitazama. Nikafungua mdomo niseme nimeandika hapa, hayupo, tazama mwenyewe. Hakusubiri. Aling'oa kitambaa kwenye dekio lake, akakizamisha kwenye ndoo ya maji, akakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu na zile ndala zake za plastiki, akapotelea kwenye korido ya ofisi iendayo stoo.

Nami nilisimama. Sitajipamba. Nilisimama na daftari langu, nikiliona komeo akilini kama liko mbele ya macho yangu. Ndipo mkono mdogo ukanivuta shati.

"Mwalimu," Kasuku akaniuliza, kwa sauti ileile ya mazoezi, maana ndivyo alivyofundishwa kumwuliza mtu aliyesimama peke yake, "mwenzako yuko wapi?"

Nililitupa daftari kwenye tope nikakimbia.

Ndani ya korido sikuona kiganja changu. Nikashuka magotini, nikaushika ukuta wa kushoto, nikasema moyoni usiuache mpaka ukupe mlango. Nikamgusa yeye kwanza. Alikuwa chini, anavuta komeo kwa nguvu zake zote kwa kile kitambaa, na kutoka ndani, chini kabisa ya mlango, nilisikia kiganja cha mtoto kinapiga. Taratibu. Si kwa nguvu tena.

"Halitoki!" alisema. "Halitoki, halitoki!"

"Ni la kunyanyua," nikasema. "Sogea."

Nikaunyanyua mlango kwa bega, nikalisukuma komeo juu, ngozi ikabaki kwenye chuma, nikavuta. Mlango ukafunguka. Konokono alikuwa amelala sakafuni, mdomo kwenye upenyo, pale penye hewa. Hata yeye Bi Mchanga alikuwa amemfundisha kushuka. Bi Mchanga akamfunika uso kwa kitambaa, akamvuta kifuani, mimi nikamshika Bi Mchanga gauni, na ukuta ukatutoa nje.

Tuliangukia kwenye majani. Mtoto akakohoa, akatapika, akakohoa tena, na kikohozi kile ndicho sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia hapa duniani. Bi Mchanga hakumwachia. Alikaa chini na mikono yake iliyoungua, akimpapasa kichwa, uso, vidole kimoja kimoja, akilia kwa sauti ya mtoto mdogo. "Kidogo," alikuwa anasema. "Kidogo, Kidogo wangu." Walimu walidhani anamwita hivyo kwa sababu ni mdogo. Mimi peke yangu nilijua anamwita nani, na nililia pale nilipokuwa, mbele ya wanafunzi mia tatu.

Zimamoto walifika baada ya dakika arobaini. Ofisi na stoo viliungua hadi ukutani, mtungi wetu mwekundu ukiwa ndani ya kabati lake, salama salimini, umefungiwa usiibwe. Madarasa yalipona. Kila kaa lililoangukia varandani wanafunzi wa darasa la saba walilifukia kwa ndoo saba za mchanga. Mwalimu mkuu aliporudi, alimwendea Bi Mchanga aliyekuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, akavua kofia, akaivaa tena. Tangu siku ile funguo za shule nzima zinaning'inia kwa uzi mwekundu, na kengele Bi Mchanga anagonga siku anayotaka, bila barua.

Lakini kabla ya hayo alikuja mama yake Konokono. Alikuja mbio kupitia njia ya juu, amelowa hadi magotini kama bintiye. Akamkagua mtoto. Akaangalia ngozi ya kiganja cha mtoto, ilivyochubuka kwa kupiga mlango. Halafu akainuka, akatutazama sote pale kwenye varanda ya zahanati.

"Nani aliyemfungia mwanangu?"

Naibu wa mwalimu mkuu akaanza kusema juu ya uchunguzi. Wenzangu walitazama chini. Hakuna aliyenitaja. Ningeweza kunyamaza, na pengine mpaka leo ningekuwa nimenyamaza.

"Mimi," nikasema.

Nilingoja kofi, na lingenistahili. Yule mama alinitazama kwa muda mrefu. Bi Mchanga alikuwa amekaa kando yangu, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Hakunitetea. Hakusema mwalimu hakukusudia. Alisogea tu kwenye benchi, bega lake likagusana na langu, akakaa hivyo.

Aliyesema ni Konokono, kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi.

"Mwalimu, kesho nikichelewa?"

Mungu wangu. Mtoto ametolewa motoni, na woga wake ni wa kesho asubuhi. Nilitaka kumwambia mengi, nimwombe radhi, nipige magoti. Nilitikisa kichwa tu.

Shule ilifungwa siku tano. Siku tuliyofungua mvua ilinyesha, kama kusudi. Tulisomea chini ya turubai, maana nyaya za madarasa zilikuwa bado zinakaguliwa, na dawati la mwalimu lilikuwa ndoo iliyopinduliwa, nyekundu. Nilikuwa na daftari jipya. Saa moja na robo niliita majina, nikafika kwenye jina la Konokono, kukawa kimya. Kasuku alinitazama. Safari hii hakusema neno.

Niliiacha nafasi ile wazi, nikaanza somo. Saa mbili kasorobo alitokea pembeni mwa turubai, maji yanamtiririka, viatu mkononi, hajui aingie au asiingie. Darasa zima likageuka kunitazama. Kasuku akasogea kwenye benchi, akapapasa mahali pa mwenzake.

"Ingia, mwanangu," nikasema. "Mwenzako anakusubiri."

Akaingia, akakaa. Nikaivuta ile ndoo karibu, nikafungua daftari, nikaandika: yupo.